Mtoto Asiyesikia: Tumpeleke kwa Nani?

Baba na mama, mnaye mtoto aliyewashinda. Anapiga wadogo zake, anatoroka shule, ama amerudi kukojoa kitandani naye ana miaka 9. Majirani wanasema, "Huyu hasikii." Jamaa wanasema ni ulozi. Mtu mwingine anawanong'oneza habari za mwombaji ng'ambo ya mto ambaye atamfungua kwa siku 3. Nanyi mnafunga mizigo.

Ngojeni kwanza.

Mnamkumbuka yule baba wa Marko sura ya 9, ambaye mwanawe alikuwa akianguka motoni na majini. Bwana Yesu alikuwa na uwezo wote, lakini alimwuliza baba yule mambo hayo yalianza lini. Basi kama Bwana mwenyewe aliuliza, mtu anayemtazama mtoto wenu mara moja tu na kutaja jina la mlozi, msimpe mtoto wenu.

Munganga mwema huuliza sana, hata mtachoka. Atatazama masikio, maana mtoto mwenye usaha masikioni mara nyingine hasikii kweli, naye anapigwa kila siku kwa ukaidi asio nao. (Jaribuni ninyi wenyewe: simameni nyuma yake, mwiteni kwa sauti ndogo.) Atauliza kama mtoto hukaza macho kidogo na kunyamaza katikati ya neno. Mwalimu anadhani ni dharau, kumbe kuna kifafa cha namna hiyo, kisicho na kuanguka. Atauliza juu ya malaria iliyopanda kichwani, kwa sababu watoto wengine hupona homa ile, lakini tabia yao hugeuka. Atauliza pia dawa anazomeza. Dawa ya kifafa iitwayo fenobarbitali huwafanya watoto wengine wasitulie hata kidogo. Lakini msiikate kwa ghafula, maana kifafa kitarudi kwa nguvu; rudini kwa aliyewapa.

Tena atauliza mtoto ameona nini. Katika nchi yetu watoto wengi wamekimbia vita, na wengine wameona watu wao wakiuawa. Jambo hili halina sindano. Linataka mtu mpole atakayekaa na mtoto, kucheza naye na kumsikiliza, juma kwa juma.

Kuna alama nyingine ambayo wazazi hawaipendi: munganga mwema atawapa ninyi kazi. Atawaambia msifuni mtoto akitenda vema, mpeni agizo moja fupi, na baba asifungue alichofunga mama. Kwa mtoto mdogo mwenye matata, mafundisho haya kwa wazazi ndiyo dawa kubwa. Anayetaka mmwachie mtoto na kwenda zenu, mwogopeni.

Anayemnyima mtoto chakula, kumfunga kamba, ama kumtia pilipili machoni, huyo si mponyaji, hata akishika Biblia. Sheria ya Kongo ya mwaka 2009 ya kulinda watoto, katika kifungu cha 160, inamwadhibu anayemshtaki mtoto kwa ulozi: kifungo cha mwaka 1 hadi 3, na faini ya franka 200,000 hadi 1,000,000. Waiteni wazee wa kanisa waombe nyumbani mwenu, mtoto akiwa ameshiba na hakuna anayemshtaki. Maombi hayazuii dawa, wala dawa haizuii maombi.

Anzeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Jambo likizidi, watawaandikia barua ya kwenda mbele. Bukavu kuna Sosame, na Goma kuna Tulizo Letu, nyumba za Mabruda wa Charité. Ni Wakatoliki, ndiyo, na watu husema ni nyumba za wazimu. Nendeni tu.

Mkija, leteni mtoto mwenyewe, kadi yake, na dawa zote alizopewa, hata za miti. Njooni pia na yule anayelala naye chumba kimoja. Mara nyingi ni nyanya yake, naye ndiye anayejua yanayotokea usiku.