Usitoboe chujio cha moshi



Siku moja watu wanne wa zamu moja walifika dispanseri pamoja. Macho yalitoa machozi, koo liliwaka, na makohozi yao yalikuwa meusi. Wote walifanya kazi chini ya udongo, nyuma ya mashini moja ya mazutu. Nikauliza, nikajibiwa: mashini ilikosa nguvu, basi fundi alifungua chujio la bomba la moshi akalitoboa kwa fimbo ya chuma. Nguvu zilirudi. Wale wanne ndio waliovuta kilichotoka.

Fundi huyu si mtu mubaya. Hakuna aliyemweleza kile alichokivunja.

Ndani ya lile kopo la chuma muna jiwe la udongo wa kuchoma, lenye njia nyembamba kama sega la nyuki. Mara nyingi njia ni karibu 200 katika kipande cha sentimita 2 na nusu kwa 2 na nusu. Kila njia imezibwa upande mmoja: hii imezibwa mbele, jirani yake nyuma. Moshi unaoingia hauna mlango wa kutokea, unalazimika kupita katikati ya ukuta. Ukuta huo una unene wa karibu milimita 0.3, na umejaa matundu madogo yasiyoonekana kwa macho.

Hapa wengi wanashangaa, nami nilishangaa nilipofundishwa. Punje ya masizi ni ndogo kuliko tundu, mara mia hivi. Mbona haipiti? Kwa sababu punje ndogo namna ile haiendi moja kwa moja. Inatangatanga, inagonga ukuta, inanata. Kisha masizi yenyewe yanafanya utando juu ya ukuta, na utando huo unakamata vizuri kuliko jiwe. Kwa hiyo chujio lililokwisha kufanya kazi kidogo linakamata kuliko jipya kabisa. Lakini ukilitoboa, moshi unafuata njia iliyo rahisi, na ukuta hauna kazi tena.

Masizi yakijaa yanapaswa kuungua. Peke yake yanataka joto la digrii karibu 600, na moshi wa motere haufiki huko mara nyingi. Ndiyo maana watengenezaji wanapaka ndani ya matundu uji wa alumina wenye platini na paladi kidogo, wanaukausha na kuuchoma. Wakipaka mwingi, matundu yanaziba na motere inakosa pumzi. Wakipaka kidogo, masizi hayaungui. Kuna vichujio vya namna nyingine vilivyopakwa zeoliti yenye shaba, ndiyo shaba hii tunayoichimba sisi. Hivyo vinapunguza gesi kali kwa msaada wa maji ya urea.

Rangi hiyo ya platini inageuza gesi moja ya moshi kuwa dioksidi ya nitrojeni, na gesi hiyo ndiyo inayokula masizi tangu digrii 250 au 300. Kazi nzuri, lakini inayobaki inatoka nje. Mwaka 2002 idara ya usalama wa migodi ya Marekani iliwaonya wenye migodi juu ya jambo hili: moshi hauonekani tena, na gesi imeongezeka. Kwa hiyo kuwa na chujio si sababu ya kuzima feni. Na mutu aliyevuta gesi hii anaweza kujisikia vizuri, akala chakula cha jioni, kisha usiku mapafu yakajaa maji. Mama, bwana akirudi na kikohozi akaanza kuhema usiku, usingoje asubuhi.

Masizi nayo si uchafu wa nguo tu. Mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliweka moshi wa mazutu kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa hakika. Mwaka huohuo ulitoka uchunguzi juu ya wachimbaji 12,315 wa Marekani: waliovuta moshi huo zaidi walikufa zaidi kwa kansa ya mapafu.

Basi mashini ikikosa nguvu, fanya nini? Uliza kwanza kama ni majivu. Majivu yanatoka katika mafuta ya motere, hayaungui hata kwa moto mukali, yanakusanyika mwezi kwa mwezi. Chujio linatolewa, linasafishwa kwa mashini yake iliyofungwa. Kulipuliza kwa kompresa katikati ya garaji ni kuwapa wenzako yale yote lililokamata. Angalieni pia mazutu: yenye sulfuri nyingi inaharibu ile rangi.

Ukifika dispanseri na kikohozi cha namna hii, mwambie munganga namba ya mashini uliyofanya nayo kazi. Tukiijua, inasimamishwa kabla zamu nyingine haijashuka.