Kuchora Ili Kupona: Kazi ya Mtaalamu wa Sanaa na Ustawi wa Jamii



Karibu kila kikundi kina mtu wa namna hii. Anakuja mkutanoni, anatoa mchango wake, lakini neno hasemi. Au ni mtoto wa mwanachama: zamani alikuwa mchangamfu, siku hizi akisikia mshindo usiku anakimbilia uvunguni. Tukimwuliza, "Una nini?" anajibu, "Sina kitu." Hapo wengi wetu twakwama. Toleo hili laeleza kazi ya mtu anayeanzia pale tunapokwama sisi, yaani mtaalamu wa tiba kwa sanaa ambaye pia ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii.

Kazi hii ilianza wapi?

Jina "tiba kwa sanaa" lilitungwa mwaka 1942 na mchoraji Mwingereza, Adrian Hill. Yeye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa kifua kikuu, na kule hospitalini akaona kuwa kuchora kunamsaidia kuvumilia siku ndefu za kitandani. Akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake, na miongoni mwao walikuwako askari waliotoka vitani.

Miaka hiyo hiyo mwalimu wa sanaa, Friedl Dicker-Brandeis, alifungwa pamoja na Wayahudi wengine katika kambi ya Terezín, nchi inayoitwa leo Czech. Aliwafundisha watoto wa kambini kuchora kwa siri, kwa karatasi za kuokoteza. Aliuawa Auschwitz mwaka 1944, na wengi wa watoto wale waliuawa pia. Lakini michoro yao kama 4,500 ilifichwa ndani ya masanduku mawili, na ipo hadi leo. Mwanafunzi wake wa zamani, Edith Kramer, alihamia Marekani akawa mmoja wa walioijenga kazi hii. Kwa hiyo tusidhani ni mchezo wa watu wenye nafasi. Ilizaliwa katika magonjwa na vita.

Anasomea nini?

Kwanza ni lazima awe ameshika sanaa kwa mikono yake mwenyewe, iwe rangi, udongo au nyuzi. Kisha anasoma jinsi akili ya mtoto inavyokua, hofu na msiba vinavyofanya kazi mwilini, na sheria za kulinda watu. Uingereza masomo haya ni ya shahada ya uzamili, miaka miwili ya kutwa, na mtu haruhusiwi kujiita kwa jina hilo bila kusajiliwa. Hapa Afrika, Chuo Kikuu cha Johannesburg kinafundisha kazi hii.

Mambo mawili katika mafunzo hayo yafaa tuyajue. Mwanafunzi hufanya mazoezi ya kazi na watu halisi, mkubwa wake akimwangalia. Tena, yeye mwenyewe hukaa mbele ya mshauri aeleze yaliyo moyoni mwake. Sababu ni wazi: asiyeujua mzigo wake atamtwika mwenzake.

Upande wa ustawi wa jamii, hapa Kenya masomo yapo ya cheti, diploma na digrii. Huyu hujifunza kutembelea nyumba, kusikiliza familia nzima, na kumwunganisha mtu na hospitali, shule, chifu au ofisi ya watoto. Na anayetoa ushauri nasaha kama kazi yake anasimamiwa na Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014.

Basi mtu mwenye elimu zote mbili anaangalia yaliyo moyoni na yaliyo chunguni. Maana mtoto anaweza kuchora vizuri sana asubuhi, lakini akirudi nyumbani kwenye njaa na kipigo, kazi yote imeharibika.

Akikaa na mtu anafanya nini?

Anaweka vifaa mezani na kumwacha mtu achague. Hafundishi kuchora vizuri wala hatoi maksi. Mtu akimaliza, anaulizwa tu, "Hebu niambie, hapa pana nini?" Akitaka atasema, asipotaka basi. Yaliyomtisha sasa yako kwenye karatasi, nje yake, anaweza kuyatazama, kuyakunja, hata kuyachana.

Na hili tulishike sana: mtaalamu hasomi picha kama mtu anayepiga ramli. Mtoto kuchora jua jeusi si ushahidi wa lolote. Pengine kalamu nyeusi ndiyo iliyokuwa karibu.

Hapa kwetu Amu

Je, haja ipo? Usiku wa tarehe 15 Juni 2014, Mpeketoni ilishambuliwa, na usiku uliofuata vijiji vya karibu. Watu zaidi ya 60 waliuawa. Wengi waliokuwa watoto wakati ule sasa ni watu wazima, wengine wana watoto wao. Baada ya utekaji nyara wa 2011 na mashambulizi hayo, kulikuwa na amri za kukataza uvuvi wa usiku, na baba aliyezoea kulisha nyumba akakaa kitako. Ongeza dawa za kulevya zilizowameza vijana wetu. Nyumba nyingi zina jambo ambalo halisemwi.

Tena mji wetu ni mdogo, vichochoro vyembamba, ukuta wa huyu ni ukuta wa yule. Neno likitoka leo Mkomani, kesho liko Langoni. Kwa hiyo siri ndiyo roho ya kazi hii. Mchoro ni mali ya aliyeuchora. Haubandikwi ukutani wala haupigwi picha kuonyeshwa wafadhili, ila kwa ruhusa yake. Lakini siri ina mpaka: mtoto akiwa hatarini, lazima mtaalamu apeleke habari kwa wanaohusika, na amwambie hivyo tangu mwanzo.

Wako wazazi wasiopenda watoto wachore sura za watu, kwa sababu ya dini. Hakuna haja ya kubishana. Mikono ya Amu ina kazi nyingine: nakshi za milango, ukili wa mikeka, kofia za kushona, ngozi za Siyu, vijahazi vya kuchezea vya watoto. Mchanga wa pwani na kombe za baharini hazinunuliwi. Mama akisuka mkeka na wenzake huzungumza mambo ambayo kwenye kiti cha ofisi hangeyasema.

Kikundi chaweza kufanya nini?

Sisi si wataalamu, tusijifanye. Lakini haya twayaweza:

1. Tutenge saa moja kwa juma, mahali penye kivuli na utulivu, watoto wafanye kazi za mikono bila mashindano wala zawadi.

2. Tuchague watu wazima wawili wanaoaminika, wakae pamoja kila mara. Mtu mmoja asibaki peke yake na mtoto.

3. Tusimwulize mtoto "Walikufanya nini?" wala kumlazimisha achore jambo baya. Kufukua kidonda bila dawa ni kukiongeza.

4. Tukiona mtoto halali, hali, anajiumiza au amenyamaza kabisa kwa majuma kadhaa, tuzungumze na mzazi, kisha tumpeleke kituo cha afya.

5. Mtoto akidhulumiwa, tupige simu 116, ni bure. Kwa ukatili wa kijinsia ni 1195, bure pia. Tusimalize mambo hayo kwa fidia ya mbuzi.

6. Kikundi kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Ofisa wa maendeleo ya jamii anayetusajili ndiye huyo huyo wa kumwuliza ni wapi apatikane mshauri aliyesoma.

Na akija mtu kujitangaza kuwa anatibu kwa sanaa, tumwulize bila haya: Umesoma wapi? Nani anakusimamia? Michoro utaiweka wapi? Mtaalamu wa kweli hatakasirika.

Maswali ya kujadili kikundini

- Katika kijiji chetu, ni nani aliyenyamaza muda mrefu na hatujamtembelea?
- Ni kazi gani ya mikono tunayoijua, ambayo twaweza kukaa na watoto tukaifanya?
- Mtu akitueleza siri yake leo, itakuwa wapi kesho?

Tuanze na swali hilo la mwisho. Kama jibu lake si zuri, tulirekebishe hilo kwanza, kabla ya kununua kalamu hata moja.