Kingamwili si hukumu ya saratani

Mtoto wa hapa kwetu Gwarama akivimba taya, kwanza hufikiriwa jino. Huenda ni jino kweli. Lakini katika ukanda wa malaria kama wetu, uvimbe unaokua upesi na kulegeza meno waweza kuwa saratani ya Burkitt, iliyopewa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeieleza mwaka 1958 akiwa Kampala.

Je, kipimo cha damu hakiwezi kuitambua? Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, London, walitangaza kuwa wameona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Mwili ukivamiwa na kirusi hutengeneza kingamwili, protini za kumkabili adui, na za kirusi hiki hubaki katika damu maisha yote. Basi tumaini likazaliwa: pima kingamwili, umjue mgonjwa.

Tumaini hilo lilijaribiwa West Nile, Uganda. Kati ya 1972 na 1974, kikosi cha Guy de-Thé kilichukua damu ya watoto wapatao 42,000, kikaihifadhi, kikasubiri. Ripoti ya 1978 ilieleza juu ya watoto 14 waliougua baadaye. Damu yao, iliyotolewa miezi au hata miaka kabla ya uvimbe, ilikuwa na kingamwili nyingi kuliko za wenzao. Mtoto mwenye kiwango kilichopanda sana alikadiriwa kuwa na hatari mara 30 hivi.

Mara 30 ni nyingi, ila ni mara 30 ya kitu kidogo mno. Isitoshe, karibu kila mtoto wa vijijini kwetu hukutana na kirusi hicho akiwa mdogo sana, hivyo jibu la “anazo” halimtengi mgonjwa na mzima. Kingamwili ni daftari la wageni: linaonyesha nani aliingia, halisemi anafanya nini humo ndani.

Mambo hubadilika kidogo kwa saratani ya uboho iitwayo mayeloma. Huko seli za saratani zenyewe ndizo zinazotoa kingamwili, na vipande vyake hupita kwenye mkojo. Henry Bence Jones alivichunguza tangu miaka ya 1840. Ushahidi huo una uzito zaidi, na bado daktari hutazama uboho.

Kwa Burkitt, kinachoamua ni kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe na kutazamwa kwa darubini. Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, lakini hukubali dawa vizuri ukiwahiwa. Mzazi, taya likizidi kuvimba baada ya jino kung’olewa, usingoje: omba rufaa.