Mafiga Matatu Katika Somo la Homa

Mwanafunzi wa Itiryo huijua homa ya malaria kabla hajaijua sayansi. Hata hivyo, akiulizwa joto hilo latoka wapi, aghalabu hujibu kuwa vijidudu ndivyo vinavyomchoma. Mwalimu hana budi kuanzia hapo.

Mwili wenyewe ndio unaopandisha joto. Vimelea vinapopasua chembe nyekundu za damu, chembe nyeupe hutoa protini ndogo za kupeleka habari, ziitwazo saitokini. Mojawapo ni TNF. Ndugu yake wa karibu ni limfotoksini-alfa, na zote mbili hujishika kwenye vipokezi vya aina zile zile mbili katika utando wa seli.

Vitabu hupenda mfano wa ufunguo na kufuli. Ni mfano mzuri, ila humwachia mwanafunzi dhana kwamba kila kufuli lina ufunguo wake mmoja tu. Mimi hupendelea mafiga. Kila moja ya saitokini hizi imeundwa kwa vipande vitatu vinavyofanana, nayo hukusanya vipokezi vitatu pamoja. Jiwe moja halibebi chungu! Vipokezi vikishakusanyika, mikia yake iliyo ndani ya seli hunasa protini nyingine, na habari husafiri hadi kwenye kiini, ambako jeni za uvimbe huamshwa. Basi wanafunzi walete mawe matatu, chungu na sufuria, kisha waulizwe: nikikificha chungu, je, mafiga yamekosa kazi?

Swali hilo si la mchezo. Katika utafiti wa Gambia uliotangazwa mwaka 1996, ulioshirikisha watoto 610 wenye malaria ya ubongo, baadhi yao walipewa kingamwili ya kuizuia TNF. Homa yao ilishuka mapema zaidi, lakini vifo havikupungua, na miongoni mwa waliopona, waliobaki na madhara ya neva walikuwa wengi kuliko wale wasiopewa. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba malaria ya ubongo ya panya huletwa hasa na limfotoksini-alfa, si TNF. Panya si mtoto, na mwalimu asidai kuwa hiyo ndiyo sababu ya yaliyotokea Gambia. Lakini darasa litaona kwamba chungu kimoja kikiondolewa, sufuria yaweza kuinjikwa mahali pale pale.

Kwa shule ya msingi, somo liishie kwenye mawe. Majina ya protini yasubiri sekondari.