Mtoto anasoma mtandaoni? Mfundishe kwanza kutafuta somo

MTOTO ameshika simu saa nzima, na mzazi anaamini anasoma. Akiulizwa amefika wapi, anajibu, “Bado natafuta lile somo.” Bando limekwisha, na hesabu alizopewa na mwalimu hazijaguswa.

Mzazi hukimbilia kusema ni uvivu. Huenda ni jambo dogo zaidi: mtoto hajui kozi yenyewe imepangwaje.

Kitabu kina ukurasa wa yaliyomo, na kozi ya mtandaoni inao pia. Khan Academy, inayotoa masomo bure, hugawa kila kozi katika sura, na kila sura katika masomo mafupi yenye video na mazoezi. Moodle, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi kikiwamo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, una orodha ya mada pembeni mwa kozi tangu toleo la 4.0 la mwaka 2022. Kwenye simu orodha hiyo hujificha mpaka uguse alama yake, ndiyo maana wengine hawajui kama ipo.

Siku ya kwanza ya kozi, kaa na mtoto dakika 10. Msifungue video hata moja. Fungueni orodha, mwache asome vichwa vya sura kwa sauti, kisha aandike kwenye daftari mahali mazoezi na majaribio yanapokaa.

Hatua ya pili ni kutafuta. Alama ya lenzi hufungua kisanduku cha kutafutia. Mtoto asiandike swali zima la mwalimu. Maneno mawili au matatu ya msingi yanatosha, tena kwa lugha ya kozi. Anayeandika “usanisinuru” kwenye kozi ya Kiingereza huenda asipate kitu. Aandike “photosynthesis” kama ilivyo kwenye kitabu chake.

Ukurasa ukiwa mrefu, aguse vidoti vitatu vya Chrome na kuchagua kutafuta ndani ya ukurasa. Neno litaonyeshwa kila lilipo. Lakini njia hii huona ukurasa uliofunguliwa tu. Nakala iliyopigwa picha huweza isitoe jibu hata kama neno limo ndani. Kwa hiyo akikosa, asiseme “halipo” kabla ya kurudi kwenye orodha ya sura.

Akipotea, asibonyeze kurudi nyuma mara kumi huku bando likiliwa. Kozi nyingi huandika juu ya ukurasa jina la kozi, sura na somo. Akigusa jina la sura, anarudi hapo moja kwa moja. Kabla ya kufunga simu, aandike jina la somo alipoishia, ili kesho aanzie hapo.

Wapo wazazi wanaokaa mbali na masomo ya watoto kwa sababu wao waliishia darasa la saba, au kemia iliwashinda. Kazi hii haihitaji kemia. Inahitaji mtu wa kukaa karibu na kuuliza: Uko sura gani? Unatafuta neno gani? Umeangalia kwenye orodha?

Mtoto akishindwa kujibu, mzazi ameshajua pa kuanzia kumsaidia kabla ya kununua bando jingine.