Kitanda cha Kupumzikia: Majina Yake na Namna ya Kukichagua

Mada ya mhadhara huu ni kitanda cha mchana, yaani kile anachojinyoosha mtu baada ya chakula cha adhuhuri bila ya kuwa amekwenda kulala. Kiswahili hakina neno moja linalokitaja. Jambo hili lisitufanye tudhani kwamba wazee wetu hawakukijua. Ukweli ni kinyume chake: kitanda cha kamba kilifanya kazi zote. Mchana kilikaa barazani au chini ya mti, mgeni akakikalia na mzee akajinyoosha. Usiku kiliingizwa ndani. Kifaa kinachotumika kwa kila jambo hakipewi jina la jambo moja.

Majina tuliyo nayo yana historia yake. Ulili ni neno kongwe la Kibantu. Waganda husema obuliri na Wakikuyu ũrĩrĩ. Kitanda, kwa maoni yangu, chatokana na kutanda, kwa kuwa kamba hutandwa juu ya fremu. Hata mfumaji wa nguo huita chombo chake kitanda. Kochi ni la Kiingereza. Diwani ndilo lenye kuchekesha: Wazungu walilichukua neno hilo la Kiajemi wakalifanya kiti kirefu cha kuegemea, ilhali sisi tulilifanya cheo cha mjumbe wa halmashauri na kitabu cha mashairi. Kwa hiyo mtu akimwomba fundi amtengenezee diwani, fundi ana haki ya kushangaa.

Huko Unguja vitanda vya matajiri vilikuwa vya namna nyingine kabisa. Bibi Salme binti Said, aliyejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 alieleza vitanda vya nakshi vilivyotoka Bara Hindi, virefu kwenda juu hata mtu akahitaji kiti au mkono wa mtumishi ili apande. Vitanda vya jadi hiyo vyapendeza machoni, lakini kwa kupumzikia mchana havifai: kitanda cha mchana sharti mzee akikalie na nyayo zake ziguse chini.

Basi na tuje Idodi. Jina la Nyanda za Juu Kusini humdanganya mgeni. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko mtu hujifunika blanketi. Lakini njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha huteremka, na Idodi iko katika nyanda za chini zenye joto na ukame. Hapo kitanda cha kamba hupitisha hewa chini ya mgongo, wakati godoro la sponji huhifadhi joto na jasho. Mtu wa Makete au wa Mbeya ana sababu ya kuchagua kochi lenye godoro. Wa Idodi hana sababu ya kumwiga.

Anayetaka kitanda cha kale na ajue kwanza tofauti ya kale, zamani na kikuukuu. Katika biashara ya vitu hivi, cha kale ni kilichopita miaka 100 au karibu yake. Cha zamani ni kilichotengenezwa enzi ya babu au baba. Na kikuukuu ni kilichochakaa tu. Wauzaji hupenda kuyachanganya maneno haya, na bei hupanda kwa mchanganyiko huo. Dawa yake ni kukipindua kitanda. Tazama maungio ya mifumbati, yaani mbao ndefu za ubavuni, na vitakizo, yaani vile vipande vya kichwani na miguuni. Kazi ya mkono huwa na ndimi zisizolingana sana na vijiti vya mti badala ya misumari. Mistari ya mviringo juu ya ubao ni alama ya msumeno wa duara wa mashine. Pima pia tendegu lililokerezwa: mti hunywea upande mmoja zaidi ya mwingine, hivyo tendegu la miaka mingi halibaki duara kamili. Mwisho, uchakavu uwe pale mikono na miguu ilipogusa. Kitanda kilichochakaa sawasawa kila mahali kimechakazwa makusudi, na weusi unaotoka kwa kitambaa chenye maji ni rangi ya viatu.

Kamba zisimtishe mnunuzi. Hizo huwambwa upya, na ukambaa au katani ni bora kuliko nailoni, ambayo huteleza na kuukata mwili. Jambo la kutisha ni wadudu. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, wasema wahenga, na hapa methali yafaa ichukuliwe kwa maana yake ya wazi kabisa: fungua maungio, mwaga maji ya moto, anika juani siku kadhaa kabla ya kukiingiza ndani.

Vitanda vya zamani, yaani vya kizazi kimoja au viwili nyuma, kwangu mimi ndivyo vyenye thamani kubwa kwa bei ndogo. Vingi ni vya mninga, mti usiopendwa na mchwa.

Kwa anayeagiza kipya, futi 6 kwa futi 2 na nusu zatosha, na kimo cha inchi 16 hadi 18. Mninga hukua polepole sana, na ubao wake usio na hati za misitu ni ubao wa wizi. Msindano wa Sao Hill huko Mufindi ni rahisi na hupatikana kwa halali, ila sharti utiwe dawa, la sivyo mchwa wa Idodi wataumaliza. Chuma cha kuchomelea hakiliwi na mchwa, lakini kikiachwa juani hakikaliki.

Limebaki suala la mwenye kuuza. Kitanda cha kamba vijijini kilikuwa pia machela: mgonjwa alibebwa juu yake mabegani mwa jirani zake hadi zahanati. Pwani maiti alioshwa juu yake, na shimo la kupokelea maji likachimbwa chini. Familia inayoletewa mnunuzi mlangoni huuza vyote hivyo pamoja na mbao, mara nyingi kwa bei ya mbao tu. Sikatazi kuuza, karo na dawa hazingoji. Lakini kwanza wakipindue kama tulivyoeleza, waulize bei kwa wanunuzi wawili, na wajue kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huzuia vitu vinavyolindwa visitolewe nchini bila kibali. Kisha wamketishe mzee wa nyumba karibu na kitanda hicho na kuandika jina la kila kipande kwa lugha ya kwao. Neno tendegu limo katika kamusi zetu. Majina ya Kihehe ya vipande hivyo, na ya mafundo ya kamba zake, yafaa yaandikwe kabla gari halijaondoka.