Fedha za Mradi wa Nishati Shuleni: Yafaayo Kuzingatiwa Kabla ya Kununua

Mradi wa umemejua unaofungwa na wanafunzi wenyewe hufundisha mengi kuliko mchoro wa ubaoni. Hata hivyo, michango ya wazazi yaweza kupotea mapema iwapo fedha zote zitaishia kwenye paneli. Kifaa kinachochoka kwanza ni betri. Kamati ya shule itenge fungu la kuibadilisha tangu mwanzo, wala isishawishike kununua betri ya gari kwa sababu ya unafuu wa bei: hiyo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi ili kuwasha injini, na ikitumiwa kila usiku hadi kukaribia kuisha huharibika upesi. Dai risiti, hati ya dhamana na alama ya ubora ya TBS.

Shule yenye fedha kidogo si lazima ianze na paneli. Ianze na mita ya LUKU. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 hutumia uniti 0.3, ya LED ya wati 9 hutumia 0.045. Zikibadilishwa balbu 20, huokolewa takriban uniti 5 kila jioni. Wanafunzi wasome mita kabla na baada ya kubadilisha, kwa majuma kadhaa, na kuandika tofauti daftarini. Kwa mfadhili, daftari hilo ni ushahidi bora kuliko picha za uzinduzi. Mwalimu msimamizi ahifadhi nakala ofisini, maana kumbukumbu za klabu huondoka na wanaohitimu.